Bosi wa zamani ananiita mwizi mpakani: nimshtaki?

Swali: Mzee, habari za kazi. Nilifanya kazi miaka sita katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Mwezi wa pili niliacha kwa barua, baada ya kukaa miezi miwili bila mshahara. Tangu hapo bosi anawaambia watu kwamba niliondoka na pesa za mteja. Mwezi uliopita aliweka picha ya kitambulisho changu cha taifa kwenye kundi la WhatsApp la mawakala, akaandika: "Huyu mama ni mwizi, msimpe kazi." Kampuni mbili zilizoniahidi kazi zimenyamaza baada ya kumpigia simu. Je, nimpeleke mahakamani? Na kwenye maombi ya kazi nimwandike au nimfiche? – Msomaji, Malaba

Jibu:

Dada yangu, pole sana. Kabla sijagusa habari ya mahakama nina swali ambalo naomba usilichukie: kazi ya mwisho ya huyo mteja, pesa zake zilipita wapi, na karatasi zake ziko kwa nani? Sikuulizi kwa kukushuku. Siku moja bosi wako ataulizwa swali hilohilo na atalijibu kwa kelele. Wewe inabidi uwe na jibu la karatasi.

Nilikuwa afisa wa kazi wa wilaya kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuanza kushauri watu binafsi, na walionijia wakilia kwamba jina lao limechafuliwa walikuwa wengi. Karibu wote walikuwa wameondoka kazini mikono mitupu. Hakuna makabidhiano, hakuna nakala ya barua ya kuacha kazi iliyogongwa muhuri, hakuna cheti cha utumishi. Aliyebaki ofisini akapata nafasi ya kueleza walivyoondoka, na akaeleza apendavyo. Kwa hiyo utaona kwamba sehemu kubwa ya ushauri wangu ni kutafuta karatasi, na mahakama inakuja nyuma kabisa.

Anza na hesabu. Wewe unaijua kazi ya mpakani kuliko mimi: mteja yuko Kampala, lori limefika usiku, anakutumia pesa kwenye simu yako ulipie maegesho, upakiaji, na wakati mwingine hata kodi. Pesa ya kampuni na pesa yako zinakaa kwenye namba moja. Hapo ndipo tuhuma za aina hii huzaliwa, na hapohapo ndipo hufia. Nenda ofisi ya MTN au Airtel uombe taarifa ya miamala ya namba yako kwa miezi yako ya mwisho kazini. Kodi za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, zililipwa kwa namba ya malipo, ile PRN, na kila PRN ina risiti ya benki au ya simu. Panga faili moja baada ya jingine: kilichoingia, kilicholipwa, kilichobaki, na ulimkabidhi nani. Kisha mtafute mteja mwenyewe. Mstari mmoja kutoka kwake, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba mzigo wake ulitoka na hakudai chochote, utakusaidia kuliko barua tatu za wakili.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hunificha hadi siku ya mwisho. Inawezekana kulikuwa na laki mbili au tatu mkononi mwako ulipoondoka, na kwa kuwa mshahara haukuwa umelipwa ukajiambia, hizi ni sehemu ya jasho langu. Kama ndivyo, mwambie ukweli yeyote atakayekushauri kwa karibu, na umwambie mapema. Ukweli ni kinga kamili katika kesi ya kashfa, yaani ya kuchafuliwa jina. Ukimshtaki mtu halafu mbele ya hakimu ikaonekana kuna shilingi ulizozishika, kesi yako inaweza kufa hapohapo, na neno "mwizi" litatoka mahakamani likiwa na nguvu kuliko lilivyoingia. Afadhali kiasi hicho kiandikwe wazi ndani ya dai lako la mshahara: ninadai miezi miwili, nilibaki na kiasi hiki cha kampuni, kikatwe humo. Mtu anayeandika hivyo ni vigumu kumwita mwizi.

Kabla sijasahau, kuna jambo la haraka zaidi ya yote. Hakikisha jina lako la kuingilia kwenye ASYCUDA, ule mfumo wa kompyuta wa forodha, chini ya kampuni ile limefungwa. Kama halijafungwa, andikia URA leo, taja tarehe uliyoacha kazi na uombe lifungwe. Maneno ya bosi yanaumiza, lakini tamko la forodha lililoingizwa kwa jina lako baada ya wewe kuondoka lingekuletea shida kubwa mara kumi.

Tuje kwenye ushahidi. Ule ujumbe wa kundi usiufute, usibadilishe simu bila kuuhifadhi, na usitoke kwenye kundi kwa hasira. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba yake, tarehe, saa na idadi ya wanachama. Kama kuna sauti alizorekodi, zihifadhi kama zilivyo. Tangu 2011 Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inaruhusu ujumbe wa aina hii kupokelewa mahakamani, ila hakimu hupima kama umetunzwa kwa njia ya kuaminika, kwa hiyo simu yenyewe yenye ujumbe wa asili ina thamani kuliko picha iliyopita mikono mitano. Andika pia majina ya watu watatu au wanne walioona ujumbe na ambao hawatakugeuka.

Maneno yenyewe yabaki kwa Kiswahili kama alivyoyaandika. Katika kesi ya kashfa hutakiwi kusema tu kwamba "alinitukana" au "alisema mimi si mwaminifu". Unatakiwa kuleta maneno halisi, kwa lugha iliyotumika, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Nimeona mtu akileta tafsiri pekee huku maneno ya asili yamepotea pamoja na simu iliyoibwa kwenye teksi. Hakuwa na pa kusimamia.

Kuna ujanja ambao utashauriwa na marafiki: mpe binamu yako namba ya bosi, ajifanye mwajiri, amrekodi. Usifanye. Mahakama inaweza kusema wewe mwenyewe ndiwe uliyeyaomba maneno hayo, na hapo unadhoofisha dai lako kwa mkono wako. Njia iliyo safi ni kurudi kwa zile kampuni mbili. Usiwaombe wawe mashahidi, wataogopa. Mwambie aliyekuhoji: "Sitaki ugomvi na mtu. Nataka tu kujua nilichosemewa ili nikueleze kwa karatasi." Kwa uzoefu wangu, wengi hufunguka wakiulizwa hivyo, na wakati mwingine kazi yenyewe hurudi.

Ile picha ya kitambulisho ni suala la peke yake, na ni mahali ambapo bosi wako amejiweka pabaya bila kujua. Ulimpa kitambulisho chako kwa ajili ya ajira. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haimruhusu kukichukua kutoka kwenye faili la ofisi na kukimwaga mbele ya watu mia mbili. Hapa hatubishani kama wewe ni mwizi au siyo; swali ni kama alikuwa na haki ya kusambaza namba yako ya kitambulisho na sura yako. Malalamiko hupelekwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na kuyapeleka hakuhitaji wakili. Mwandikie kwanza bosi umtake aiondoe picha hiyo na athibitishe kwamba ameiondoa. Akikaidi, peleka.

Sasa cheti cha utumishi. Watu wengi hapa Uganda hudhani ni hisani ya bosi. Sivyo. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mkataba ukiisha na mfanyakazi akaomba, mwajiri atampa cheti chenye jina na anwani ya mwajiri na ya mfanyakazi, aina ya biashara, muda wa kazi, nafasi aliyokuwa nayo, mshahara na malipo mengine wakati wa kuondoka, na sababu ya mkataba kuisha kama mfanyakazi mwenyewe ataomba iandikwe. Orodha hiyo haina mahali pa kumwaga hasira. (Sheria zetu zilipangwa upya katika toleo lililoanza kutumika Julai 2024, na hii sasa ni Sura ya 226, ukiona namba za vifungu zinatofautiana kati ya kitabu na kitabu, usishtuke.)

Mwandikie barua fupi, kwa lugha mliyokuwa mkiandikiana ofisini. Isiwe na neno hata moja la WhatsApp wala la kuumia. Iseme hivi:

"Nilifanya kazi katika kampuni yako kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani nikiwa mtayarishaji wa hati za forodha. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira naomba cheti cha utumishi. Naomba pia mshahara wangu wa miezi miwili ambao haujalipwa. Kama kampuni ina dai lolote la fedha dhidi yangu, naomba lielezwe kwa maandishi, likionyesha kiasi, tarehe na namba ya faili, ndani ya siku kumi na nne."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo niliyoiandika kwa ajili yako. Mtu anayepiga kelele kwamba umeiba akiulizwa kwa utulivu "kiasi gani, lini, faili lipi", ana njia mbili tu. Akinyamaza, una barua inayoonyesha aliombwa athibitishe akashindwa, na barua hiyo utaibeba kila mahali. Akijibu kwa namba, umepata kitu cha kujibu kwa risiti zako, badala ya kupigana na moshi. Ipeleke kwa mkono na nakala ya pili, mtu wa mapokezi agonge muhuri na kuandika tarehe. Wakikataa kupokea, itume kwa barua pepe na kwa mtu wa vifurushi anayetoa stakabadhi.

Huku ukisubiri, chukua taarifa yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Inaonyesha ni mwajiri gani alikuchangia na kwa miezi ipi, kwa hiyo ni ushahidi wa miaka yako sita ambao hautoki mdomoni mwa bosi. Kagua pia kama ile asilimia 5 aliyokukata na 10 aliyotakiwa kuongeza yeye zilifika zote. Ukikuta miezi iliyorukwa, NSSF wenyewe wanayo mamlaka ya kumfuata. Hilo nalo lipo mezani hata kama hukuliuliza.

Siku kumi na nne zikiisha bila jibu, nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, Tororo. Hakuna ada, na huhitaji wakili. Atamwita bosi, mtakaa wote wawili mbele yake. Ofisi hizi zina watu wachache na mafaili mengi, kwa hiyo uwe mvumilivu lakini usiwe mkimya: rudi, uliza, andika tarehe ya kila ziara. Siku 90 zikipita bila uamuzi, sheria inakuruhusu kulipeleka suala lako Mahakama ya Viwanda, inayosikiliza migogoro ya kazi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yana muda wa miezi 3 kuanzia siku ya kuondoka, isipokuwa utoe sababu nzuri ya kuchelewa, na kwako muda huo umepita. Mshahara usiolipwa na cheti ni mambo mengine. Yapeleke.

Katika kikao hicho, omba nini? Watu wengi huomba mamilioni. Mimi ningeomba mistari mitatu iandikwe kwenye kundi lilelile, kwa namba ileile: kwamba ulifanya kazi pale tangu lini hadi lini, kwamba uliondoka kwa barua, na kwamba kampuni haina dai la fedha dhidi yako. Mpakani watu hawasomi hukumu za mahakama, wanasoma kundi. Kama kuna mwenyekiti wa mawakala au mzee wa kanisa au msikiti ambaye bosi wako anamheshimu, mwombe akae naye kabla ya kikao. Nimeona mambo mengi yakiisha kwenye chai ya aina hiyo, kwa sababu bosi alikuwa anatafuta njia ya kushuka bila kuaibika.

Na mahakama, uliyoiuliza? Unayo hoja. Tuhuma ya uongo kwamba mtu ni mwizi, ikiandikwa mbele ya wengine, ni kashfa. Hata yale aliyoyasema kwa mdomo kwenye simu yana uzito: maneno ya mdomo kwa kawaida yanahitaji uthibitishe hasara halisi, isipokuwa yakikutuhumu kosa la jinai linaloweza kukufunga au yakigusa kazi yako, na haya yanagusa yote mawili. Ila simu aliyopigiwa na mwajiri mpya ina ulinzi fulani kisheria. Anayeuliza ana sababu ya kujua na anayejibu ana sababu ya kusema, kwa hiyo hapo hushindi mpaka uthibitishe nia mbaya. Kundi la WhatsApp halina kinga ya namna hiyo kwa urahisi, maana wengi wa waliomo hawakumuuliza chochote. Ndiyo sababu nakuambia utunze ule ujumbe kuliko uvumi wa simu.

Kuna kesi moja ya Uingereza ambayo mawakili wetu huipenda, na nadhani ni haki uijue. Mwaka 1994 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa kule, liliamua kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance. Muuzaji wa bima aliondolewa kazini, akaomba kazi kwingine, na taarifa ya mwajiri wa zamani ikamwonyesha kama mtu asiye mwaminifu. Hakuweza kushinda kwa kashfa, kwa sababu walioandika waliamini walichoandika. Malodi walisema hata hivyo kwamba mwajiri anayetoa taarifa ana wajibu wa kuwa mwangalifu, na akimharibia mtu kwa uzembe anaweza kulipa. Uamuzi huo hauwafungi majaji wa Uganda, lakini husomwa mbele yao.

Pamoja na hayo, bado sikushauri uanze huko. Kijana mmoja mtunza ghala alinijia akiwa na kesi nzuri kuliko yako, nami, nikiwa bado mgeni kwenye kazi, nikamsukuma aende moja kwa moja mahakamani. Alikuwa na haki. Lakini kesi ilikula miaka, kila mwajiri aliyemhoji alikuta jina lake kwenye mgogoro ambao haujaisha, na akaacha kazi ya ghala akaenda kuendesha boda. Sijasahau uso wake. Kesi ina gharama za wakili, ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa za mwenzako, na muda wote huo tuhuma hutajwa tena na tena. Ukifika huko, basi ufike ukiwa na barua isiyojibiwa, faili la hesabu na shahidi. Madai yasiyozidi shilingi milioni 50 husikilizwa na hakimu mkuu, hayahitaji Mahakama Kuu. Kama huna uwezo wa wakili, waulize Justice Centres Uganda, wanaotoa msaada wa kisheria, au FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake, ambao husaidia wanawake. Polisi usiende. Kashfa ipo pia kwenye sheria ya jinai, lakini ukilifungua kama jinai, yeye naye atafungua la wizi, na mtu wa kwanza kulala mahabusu anaweza kuwa wewe.

Kuhusu maombi ya kazi: mwandike. Miaka sita haifichiki Malaba, na pengo la miaka sita kwenye wasifu litaonekana kama kukiri. Muweke kama mwajiri, lakini usimweke kama mdhamini wa kupigiwa simu. Weka watu wengine watatu: mteja wa muda mrefu, msimamizi wako wa zamani ambaye naye amehama, na mtu wa kampuni ya usafirishaji mliyefanya kazi pamoja. Ambatanisha taarifa ya NSSF na cheti chako cha EACFFPC, kile cha mafunzo ya mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki, kama unacho, kwa maana hicho ni chako na hakuna bosi anayeweza kukichukua.

Kisha useme wewe kwanza. Mwisho wa mahojiano, kabla hawajapiga simu popote, sema kwa sauti ya kawaida: "Mtakapompigia mwajiri wangu wa zamani atawaambia niliondoka na pesa za mteja. Tulitofautiana juu ya mshahara. Hii ni barua niliyomwandikia athibitishe, na huu ni ujumbe wa mteja mwenyewe." Weka karatasi mezani, nyamaza. Usimseme vibaya hata kama wao watamsema. Aliyekuhoji akisikia habari hiyo kwako kwanza, atampigia bosi wako akiwa na maswali mkononi.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu najua litakuja. Mambo yakianza kumbana, bosi wako atakutumia mtu na karatasi ya kusaini, pengine pamoja na mshahara wa mwezi mmoja. Isome polepole, na ukiweza isome na mtu mwingine. Ukiona imeandikwa kwamba kampuni "imekusamehe deni" au "imeamua kutofuatilia fedha", usisaini, hata kama pesa ziko mezani na mtoto anadaiwa ada. Mwambie aliyekuja arudi nayo ikiwa imeandikwa "kampuni haina dai", na umpe nakala ya risiti za mteja aondoke nayo.